Fundi wa Tandika na Hesabu ya Mkahawa

Msafiri atokaye Unguja na kuteremka bandarini Dar es Salaam aghalabu huyaona majengo marefu ya Posta na Kivukoni akadhani kwamba ameuona mji. Mji wenyewe uko mbele zaidi: uko Mwananyamala na Tandale upande wa Kinondoni, uko Tandika, Mtoni na Mbagala upande wa Temeke. Huko ndiko wanakolala wafanyakazi, na huko ndiko wanakokula. Na mahali wanapokula watu wengi, ndugu wasomaji, ndipo fedha nyingi zinapopita kwa siku, noti chakavu baada ya noti chakavu, bila ya kuandikwa popote.

Hivi karibuni tulipata kukaa siku kadhaa katika vitongoji hivyo kwa shughuli nyingine. Jioni moja tulikuwa tunakula wali na maharage katika mkahawa mmoja wa Tandika (wenzetu wa Bara husema mgahawa) pale tulipomwona kijana amepiga magoti nyuma ya kaunta, ametandaza nyaya sakafuni, anafungua printa ndogo ya risiti kwa bisibisi. Tulidhani ni fundi umeme. Mwenye mkahawa akatusahihisha: huyo, alisema, ndiye aliyeiandika programu yote inayoendesha kaunta yake, kuanzia oda mpaka stoo.

Kijana mwenyewe mchana ni karani katika duka la vipuri. Kuandika programu hakufundishwa na mtu; alijifunza usiku kwa usiku, kwa kupenda tu, kama wengine wanavyopenda bao au mpira. Ya kwanza alimwandikia mama yake, ambaye ni mama lishe, apate kujua kwa nini mchele unakwisha kabla ya fedha kupatikana. Jirani akaiona, akaitaka. Leo mikahawa isiyofika kumi, mingine Temeke na mingine Kinondoni, inatumia kazi ya mikono yake, naye huizungukia kwa bodaboda baada ya saa za kazi.

Tuliomba atuonyeshe. Skrini yake haina mapambo. Maneno yote ni ya Kiswahili: oda, meza, jikoni, deni, stoo, funga siku. Mhudumu akigusa chips mayai, jikoni hutoka kikaratasi, na stoo hupungua mayai mawili na kipimo cha viazi. Kuku huingia stoo akiwa mzima na kutoka robo robo, na programu hujua kwamba robo nne ni kuku mmoja, isipokuwa firigisi na vipapatio, ambavyo huuzwa kivyake na ambavyo, alituambia huku akicheka, vilimtoa jasho kwa wiki mbili. Wali una nusu sahani. Mteja wa kila siku huongezewa mchuzi bila ya malipo, na mchuzi huo sharti uandikwe mahali, ama sivyo mpishi ataitwa mwizi mwisho wa mwezi. Programu za kigeni tulizowahi kuziona katika mahoteli makubwa hazina habari na mambo haya. Hizo hujua bakshishi ya asilimia, na meza iliyowekwa kwa simu tangu juzi.

Jambo lililotuvutia kupita yote ni saa. Kompyuta hubadilisha tarehe saa sita ya usiku. Mkahawa wa Tandika hauitambui saa hiyo. Viazi vinakaangwa mpaka saa nane, na mauzo ya zamu moja hukatwa vipande viwili, nusu yakawa ya Ijumaa na nusu ya Jumamosi, hata fedha zilizomo kwenye droo zisilingane na hesabu ya siku yoyote kati ya hizo mbili. Kijana ameiondoa kasoro hiyo: siku ya mkahawa hufungwa saa anayoitaka mwenye mkahawa. Katika Ramadhani, mkahawa unapolala mchana ukaamka kwa futari na kuendelea hadi daku, saa ya kufunga husogezwa mara moja tu. Sisi ambao kwa hesabu ya wazee wetu usiku wa Ijumaa huutangulia mchana wake, hatukuhitaji kuelezwa mara mbili.

Kisha liko daftari la madeni. Aya iliyo ndefu kupita zote katika Kurani, kama ajuavyo kila aliyepitia chuoni, inahusu kuandika deni, na inamtaka mwandishi aandike kwa uadilifu. Kwa muda mrefu mwandishi wa madeni ya mkahawa wa uswahilini amekuwa daftari lililolowa mafuta, ambalo mwenye kukopa na mwenye kukopesha hulisoma kila mmoja kwa macho yake. Katika programu hii deni huandikwa kwa jina na tarehe, mkopaji akapewa kikaratasi chake, na hakuna awezaye kulifuta. Marekebisho huandikwa chini yake, na maandishi ya kwanza yakabaki yanaonekana.

Yote hayo yamo ndani ya kompyuta ya kaunta yenyewe na hayangoji intaneti. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika na mawasiliano ya intaneti yakazorota nchini, aliyetegemea programu iliyo kwenye mitambo ya mbali alirudi kwenye kalamu. Kwa umeme nako, ameweka betri ya kuishikilia kompyuta kwa muda wa kutosha kuchapa oda zote zilizo wazi. Sisi wa Unguja, tuliokaa bila ya umeme wa waya wa baharini kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, hatutalicheka betri hilo.

Asije mtu akasema kwamba haya ni mambo madogo ya watoto wa mtaani. Mashine ya kuandika mauzo haikuanzia kwenye kiwanda kikubwa. Ilibuniwa mwaka 1879 na James Ritty, mwenye baa katika mji wa Dayton, jimbo la Ohio, Marekani, aliyechoshwa na wahudumu waliokuwa wakitia mauzo mifukoni. Na zaidi ya miaka mia baadaye, mwaka 1986, aliyeonyesha hadharani programu ya mkahawa ya kugusa kwa kidole kwenye skrini ya rangi alikuwa Gene Mosher, mwenye mkahawa wa Syracuse, jimbo la New York, akitumia kompyuta ya Atari, ambayo wengi waliijua zaidi kwa michezo.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuishike kalamu. Kijana alitusimulia kwamba mteja wake mmoja, ambaye hatukuomba kutajiwa jina lake, alimtaka aweke kitufe cha siri. Kikibonyezwa usiku, sehemu ya mauzo ya siku ifutike, namba za bili zijipange upya kana kwamba hakuna lililotokea, na kinachobaki kiwe ndicho cha kuwaonyesha watu wa mapato. Malipo aliyoahidiwa yalikuwa makubwa kuliko bei ya programu yenyewe. Akakataa. Juma lililofuata mteja yule akaita fundi mwingine, naye akakubali. Fedha ambazo kijana wetu alikuwa anadai kwa kazi ya awali hajalipwa mpaka leo.

Tulimwuliza kwa nini alikataa. Hakutoa hotuba. Alisema kwamba katika mikahawa mingi mhudumu hukatwa mshahara kwa upungufu wa kaunta, na kinga yake pekee ni hesabu isiyofutika. Siku tajiri atakapoweza kufuta mauzo ili kuikwepa kodi, siku hiyohiyo ataweza kufuta malipo ya sahani ishirini na kumsingizia binti wa zamu. Kitufe ni kimoja.

Tukiri kwamba sisi, pamoja na semina zote tulizohudhuria juu ya ukusanyaji wa mapato, hatukuwahi kulisikia jambo hili likielezwa hivyo. Siku zote huambiwa kwamba mkwepa kodi anaiibia Serikali. Kijana wa Tandika anamwona mhudumu kwanza.

Hila yenyewe si ya Tandika peke yake. Huko Quebec, Kanada, programu za kuficha mauzo zilienea mikahawani hata serikali ya jimbo ikatunga sheria, na kufikia Novemba 2011 mikahawa ilitakiwa kuwa na kifaa kilichofungwa rasmi cha kurekodi kila bili. Kwetu, TRA ilianza na mashine za EFD mwaka 2010 kwa wafanyabiashara waliosajiliwa katika VAT. Zikafuata kelele juu ya bei ya mashine, na maduka yakafungwa. Kisha ukaja mfumo wa VFD, ambao hutoa risiti ya kodi bila ya kuhitaji mashine ile. Zanzibar nayo, chini ya ZRA iliyochukua nafasi ya Bodi ya Mapato mwaka 2022, ina mfumo wake wa risiti za kielektroniki. Wito wa kutoa risiti na kudai risiti kila mtoto anaujua.

Lakini tazameni kaunta ile. Programu ya kijana inatoa bili, na risiti ya kodi inatolewa pembeni, kwa kuandikwa upya na mkono wa mtu. Kati ya bili na risiti pana upenyo, na ndani ya upenyo huo ndimo kinamokaa kitufe cha siri. Kijana angependa kuuziba: bili ikilipwa, risiti ya kodi itoke papo hapo. Amejaribu. Kwa maelezo yake, mlango wa kwanza aliobisha aliulizwa kampuni yake, naye hana kampuni, ana kompyuta mpakato iliyofungwa kwa gundi. Mlango wa pili alipewa karatasi za Kiingereza kizito akaambiwa arudi. Akarudi, akamkuta ofisa mwingine asiyeijua habari yake. Kwa karani wa duka la vipuri, kila safari ya namna hiyo ni siku ya kazi iliyokatwa.

Hatuna budi kuwauliza ndugu zetu waliokabidhiwa dhamana ya mapato, Bara na Visiwani: yule aliyekubali kuweka kitufe hakubisha mlango wowote wala hakupoteza siku yoyote ya kazi, je, hali hiyo inawaridhisha? Pawepo na dirisha moja kwa mafundi wadogo kama huyu, maelekezo yakiwa kwa Kiswahili, ada ya kadiri ya kipato chao, na mahali pa kuijaribu programu na mfumo wa kodi kabla haijafika mkahawani. Ofisa aulizaye gharama yake na akumbuke ni mara ngapi yeye mwenyewe, akiwa safarini, ameletewa risiti ya kuandikwa kwa kalamu na kuulizwa aandikiwe kiasi gani.

Historia yetu na kompyuta ina funzo lake. Ya kwanza iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuziingiza nchini bila ya kibali, na sababu zilikuwapo: zilikuwa mashine za bei kubwa, zikiwategemea wataalamu wa kigeni, na zilimeza fedha bila ya kuleta hesabu ya kutegemewa. Hatuwalaumu wazee wetu kwa uamuzi ule. Lakini kilichokosekana wakati ule ni mtu wa kwetu aliyeifahamu mashine ndani na nje. Mtu huyo sasa yupo, amepiga magoti nyuma ya kaunta, na hakuna anayemwuliza kitu.

Kijana naye ana makosa, na tulimwambia. Hana mkataba hata mmoja wa maandishi; ndiyo maana aliyemdhulumu amelala usingizi. Hakuna mtu wa pili anayeijua programu yake, kwa hiyo akiugua, mikahawa yote hiyo itaugua pamoja naye. Majina na namba za simu za wakopaji zimehifadhiwa kwa nywila ambayo hata sisi tungeweza kuibuni, ilhali Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imekuwa ikitumika tangu Mei 2023. Na mkahawa mmoja wa jirani ulinakili programu kwa flashi bila ya kumlipa. Alipotusimulia hilo alicheka tu, hajui kwamba Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inailinda programu ya kompyuta kama inavyolinda maandishi ya kitabu. COSOTA wangefanya jambo la maana kuvuka barabara ya Mandela na kulieleza hilo huko huko Temeke, na COSOZA kulieleza Mwanakwerekwe na Chake Chake, kwani hatuamini kwamba vijana wa aina hii wako Bara peke yake. Hapa kwetu mkahawa wa mtalii na mkahawa wa mwananchi aghalabu hutenganishwa na ukuta mmoja tu. Upande mmoja programu hulipiwa kila mwezi kwa dola, na upande wa pili bado pana daftari lililolowa mafuta.

Printa ilipokwisha kutengenezwa, kijana alidai shilingi elfu ishirini. Mwenye mkahawa akapapasa mifuko, akamwambia apite Jumamosi. Kijana hakubishana naye. Alikwenda kwenye skrini, akafungua ukurasa wa madeni katika programu yake mwenyewe, akaandika jina la mwenye mkahawa, tarehe na kiasi, na printa ile ile ikatoa kikaratasi. Mwenye mkahawa alikisoma, akacheka mpaka wahudumu wakageuka, kisha akakikunja na kukitia mfukoni.