Bolti Imekatikia Kwenye Injini: Umalizie Kilwa, Lindi au Dar?

Bolti ikikatikia ndani ya injini, mwenye gari huuliza kwanza: kuitoa shilingi ngapi? Kwa mtu aliyeko Kilwa, swali hilo lisubiri. La kuanza nalo ni hili: fundi akishindwa, tutabaki na nini? Kuna njia ambayo ikishindikana umepoteza rodi ya kuchomelea na nati. Kuna nyingine ambayo ikishindikana unashusha silinda hedi na kuitafutia basi.

Pwani hii inazionea bolti. Upepo wa bahari una chumvi mwaka mzima, na magari ya samaki yanachuruzisha maji ya barafu yenye chumvi mpaka chini kwenye chesisi. Balaa kubwa ni bolti ya chuma iliyofungwa kwenye alumini, na Toyota ndogo nyingi zina hedi za alumini. Maji ya chumvi yakiingia katikati ya metali hizo mbili, alumini huliwa, ikaacha unga mweupe unaojaa kwenye hesi na kuishika bolti kama saruji. Tena kuna magari yanayotoka mikoa ya theluji huko Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi. Hayo hufika hapa kutu ikiwa imeshaanza kazi.

Njia ya bei ndogo kuliko zote ni mafuta na subira, na subira ndiyo inayokosekana. Nunua mafuta ya kupenya kutu, nyunyiza jioni, acha mpaka asubuhi. Wengi hukimbilia WD-40, dawa iliyobuniwa Marekani mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji kwenye vyuma. Inasaidia, ila kutu iliyokomaa inataka mafuta yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo hasa. Wengine hutumia oili ya breki. Itumie ukijua kwamba inakula rangi ya gari. Kama duka la karibu halina kitu, chukua mshumaa: pasha moto eneo la bolti, gusisha nta, itayeyuka na kunywewa kwenye hesi. Halafu legeza na kukaza, legeza na kukaza, robo mzunguko kwa robo mzunguko.

Hapa ndipo pa kuangalia vifaa vya fundi. Kwenye Toyota, bolti ya milimita 6 kwa kawaida huchukua spana namba 10, na ya milimita 8 huchukua namba 12. Fundi akishika namba 13 kwa bolti ya namba 12 kwa sababu "inaingia", kichwa kitaliwa kikawa duara. Dai soketi ya pembe sita. Ya pembe kumi na mbili hushika ncha tu. Ukimwona anachomeka bomba kwenye spana ili apate nguvu, na bolti yenyewe ni ya namba 10, msimamishe hapo hapo. Bolti nyembamba kiasi hicho hukatika kabla mkono haujahisi kitu.

Ikishakatika na kisiki kimechomoza kidogo, tafuta fundi wa kuchomelea. Wapo Masoko, wapo Kivinje, wapo Nangurukuru. Wengi wanaishi kwa mageti na madirisha, kwa hiyo chagua mwenye mkono wa kazi ndogo. Anaweka nati juu ya kisiki, anachomelea kupitia tundu la nati mpaka vishikane, anaacha vipoe kidogo, ndipo anazungusha kwa spana. Joto hufanya nusu ya kazi, kwa sababu linavunja kutu iliyoshika. Nati ikibanduka, anaweka nyingine na kuanza upya, na kisiki bado kipo palepale. Ndiyo maana naiweka njia hii mbele ya drili.

Ila simamia mambo mawili. Betri ifunguliwe kabla ya kuchomelea, la sivyo umeme wa mashine unaweza kuunguza kompyuta ya gari. Na mahali pa kuchomelea pasisafishwe kwa dawa ya kusafishia breki yenye klorini: ikipata joto hutoa gesi ya sumu inayoweza kuua. Mabomba ya mafuta yaliyo karibu yafunikwe au yaondolewe.

Drili ndiyo inayowapeleka watu Dar. Si kwamba ni njia mbaya, ni kwamba haisamehi. Tundu lazima liwe katikati kabisa ya bolti, na kwenye injini iliyobanana chini ya boneti, fundi anatoboa akiwa amepinda mgongo, drili imelala upande. Biti ikiteleza inahamia kwenye alumini, iliyo laini kuliko bolti, na hesi za hedi zimekwisha. Hatari ya pili ni kile chuma chenye hesi za kushoto kinachoingizwa kwenye tundu ili kivute bolti. Ni kigumu sana, kwa hiyo ni chepesi kuvunjika; kikivunjikia ndani, biti ya kawaida haikitoboi tena. Kama bolti imegoma mpaka ikakatika kichwa, kifaa chembamba kuliko yenyewe kitaiweza kwa nguvu gani? Kikubali pale tu bolti ilipokatika kwa kukazwa kupita kiasi, si kwa kutu.

Sasa safari. Nauli ya basi la daraja la kawaida iliyopangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na kuanza Desemba 2023 ilikuwa shilingi 48.47 kwa kilomita. Kutoka Kilwa hadi Dar ni kama kilomita 300, yaani kwa nauli hiyo shilingi 14,500 hivi kwenda na kiasi hicho hicho kurudi, kabla ya ada ya mzigo, malazi na kazi yenyewe. Ukifika Gerezani, huko Dar, utapata mafundi wa kukereza vyuma wenye mashine na uzoefu wa kila aina ya hedi. Lakini Lindi mjini ni zaidi kidogo tu ya nusu ya umbali huo, na SIDO, shirika la viwanda vidogo, lina kituo cha teknolojia huko. Piga simu kwanza, eleza ukubwa wa bolti na kama hedi ni alumini, ndipo upakie. Masika, angalia pia barabara ya Dar: Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, ilikatika pale Somanga na magari yakalala njiani.

Hesi zikiwa zimeliwa, usikubali kuambiwa hedi imekufa. Tundu hupanuliwa, hukatwa hesi mpya na kuvishwa koili ya waya ya aina ya Helicoil, na bolti ya ukubwa ule ule inarudi. Kwenye alumini mara nyingi hesi hizo huwa imara kuliko za mwanzo. Kununua hedi ya mtumba kwa sababu ya bolti moja ni kutupa pesa, labda kama yako ina ufa.

Hukumu yangu kwa mwenye gari wa Kilwa: mafuta usiku mzima, kisha nati na rodi, kisha Lindi. Drili ya chini ya mwembe iwe ya mwisho, na kabla haijawashwa mkubaliane nani atalipia hedi ikiharibika. Na siku ya kufunga, nunua bolti mpya, ipake grisi ya shaba na ukaze kwa nguvu pungufu kidogo, maana hesi yenye grisi hukaza zaidi kuliko mkono unavyodhani. Bolti za kufungia hedi kwenye bloku hazimo katika ushauri huo. Hizo zifuate kitabu cha gari.