Rafadha Safi ni Akiba ya Mafuta

Mashine ya boti ikinguruma huku chombo hakiendi, lawama hutupiwa fundi. Kumbe adui yu chini ya maji: mwani na vijidudu vya magamba vilivyoganda kwenye rafadha. Hapo mashine hutetemeka, na mafuta yaliyonunuliwa kwa jasho huteketea bure. Ndugu zetu wa Kabungu, mkoani Katavi, washukapo Ziwa Tanganyika, hawaijui adhabu ya magamba hayo, kwani ziwa halina chumvi. Sisi wa visiwani hatuna budi kupambana nayo.

Wazee wetu walivipandisha vyombo pwani, wakavikwangua na kuvipaka deheni. Nasi kila bamvua, maji yatokapo, tuilaze boti mchangani, tuikwangue rafadha na kuing'arisha, kwa kuwa magamba hushika kwa shida panapoteleza. Mwenye mashine ya nyuma aiinue juu ya maji kila atiapo nanga. Rangi ya shaba isipakwe kwenye aluminiamu, kwani huila.

Idara zinazohusika nazo zina wajibu. Rangi zenye sumu ya tributiltini zilipigwa marufuku kwa mkataba wa kimataifa wa mwaka 2001, ulioanza kutumika mwaka 2008, kwa sababu hudhuru chaza na konokono wa bahari. Maduka yakaguliwe, na wavuvi waelimishwe katika vyama vyao vya ushirika.

Boti iliyopoteza kasi ni hasara kwa mvuvi. Ikiwa imebeba mgonjwa, ni roho ya mtu.