Nani Achinje Ng'ombe wa Harusi?

Sogeeni karibu, wanangu. Liko jambo ambalo wakubwa wenu hulizungumza kila harusi inapokaribia, na kila Krismasi na Idi, mara nyingi kwa sauti ya chini ili mgeni asisikie. Ng'ombe amefungwa mtini, masufuria yamekwisha kuoshwa, ndugu wanatoka Kayanga, Nkwenda na Murongo, na mmoja katika kamati anauliza: nani atashika kisu?

Swali hilo linaonekana dogo, lakini ndani yake mna mambo mawili mazito. La kwanza ni uhai: kiumbe aliyekuwa akipumua asubuhi hatapumua jioni. La pili ni imani: tunamtaja nani tunapoutoa uhai huo, na je, jirani asiyeamini kama sisi ataweza kula? Swali hilo nalo limekaa katika nchi yetu ya Karagwe muda mrefu kuliko kanisa la kwanza na msikiti wa kwanza mnaoujua. Basi twendeni Bweranyange.

Bweranyange palikuwa makao ya wafalme wa Karagwe. Mwezi Novemba 1861 walifika hapo Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Grant, wakitafuta chanzo cha Mto Nile. Mfalme wakati huo alikuwa Rumanyika, mwana wa Ndagara, na aliwapokea kwa ukarimu mkubwa. Speke aliondoka Januari 1862. Grant, aliyeugua kidonda kibaya cha mguu, alitunzwa Karagwe hadi Aprili. Katika msafara wao walikuwamo watu wengi wa pwani na Unguja, Waislamu, na mmoja wa viongozi wao alikuwa Sidi Mubarak Bombay. Tena Uislamu haukuwa mgeni kabisa pale. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliotoka Tabora kutafuta pembe za ndovu walikuwa na kituo chao Kafuro, na mmoja wa wafanyabiashara Waislamu wa Tabora, Musa Mzuri, ndiye aliyemsaidia Rumanyika dhidi ya ndugu yake walipogombea kiti.

Kwa hiyo fikirini: mwaka 1861, juu ya kilima kimoja cha Karagwe, walikutana watu wa imani tatu. Na mazungumzo yao yakafika kwa ng'ombe.

Speke anaeleza katika kitabu cha safari yake, kilichotoka 1863, kwamba kila mwaka Rumanyika alichinja ng'ombe kwenye kaburi la baba yake. Mgeni akamuuliza kwa nini. Mfalme akacheka, akajibu kwamba anatumaini kwa kufanya hivyo mavuno yatakuwa mema. Akaeleza pia kwamba huweka pombe na nafaka mbele ya jiwe kubwa lililo kando ya kilima, ingawa jiwe haliwezi kula. 

Sasa nawaomba mtazame pande zote mbili. Speke huyohuyo alikwenda kuwinda katika nchi ya Karagwe, akaua vifaru na kumpelekea mfalme vichwa vyao. Mmoja aliua ng'ombe mmoja kwa mwaka kwa ajili ya baba yake na mavuno ya watu wake. Mwingine aliua vifaru kuonyesha nguvu ya bunduki na shabaha yake. Yupi alikuwa na sababu nzuri zaidi? Mimi nadhani ya Rumanyika ilikuwa nzito zaidi, maana alijua kwamba uhai ni kitu cha kutolewa kwa sababu, mbele ya wengine, na kwa heshima. Ninyi mnaweza kukataa. Lakini mtu akikuuliza kwa nini umemuua kiumbe, uwe na jibu.

Wazee wetu walikuwa na sheria nyingine pia, nayo ni muziro. Kila ukoo una mnyama au kitu chake cha mwiko, ambacho watu wa ukoo huo hawakiui wala hawakili. Wahinda, ukoo wa wafalme, muziro wao ni tumbili. Mtoto wa Kihinda alipomwona tumbili shambani akila mahindi, alimfukuza, lakini hakumuua. Hakuhitaji askari wa kumchunga. Alijua tangu utotoni kwamba kati ya viumbe wote, angalau mmoja hayuko chini ya mkono wake.

Baadaye dini mbili kubwa zilienea. Leo Karagwe kuna Dayosisi ya Kilutheri iliyoanzishwa 1979, na Jimbo Katoliki la Kayanga lililoundwa 2008. Kuna Waanglikana, Wasabato, Wapentekoste na Waislamu, na mara nyingi wote wamo katika ukoo mmoja. Hata Kyerwa ilipotengwa na Karagwe mwaka 2012 na kuwa wilaya yake, mpaka mpya haukutenganisha shangazi na wapwa wake, wala Mwislamu na binamu yake Mkatoliki. Ndiyo maana kisu kinakuwa swali. Watu wanaoishi mbalimbali hawagombanii nyama, ila wanaokula pamoja.

Hebu tusikie kila upande unavyosema.

Mwislamu anafundishwa kwamba uhai ni wa Mwenyezi Mungu, na mwanadamu hana ruhusa ya kuutoa ila kwa jina lake. Ndiyo sababu mchinjaji hutamka jina la Mungu kabla ya kukata. Kisu kiwe kikali ili mnyama asiteseke, kisinolewe mbele ya macho yake, wala asichinjwe mwingine huku akitazama. Damu iachwe itoke. Mnyama aliyekufa bila kuchinjwa ni kibudu, na Mwislamu haruhusiwi kumla isipokuwa amefikwa na dharura. Samaki na nzige wao hawahitaji kuchinjwa. Kwa hiyo senene wanaposhuka usiku wakifuata taa, Mwislamu na Mkristo hukaa ukumbini pamoja wakiwanyonyoa mabawa, na hakuna anayeuliza kisu cha nani.

Mkristo naye ana lake la kusema. Karibu na mwanzo wa kitabu chake, Mungu aliwaruhusu Nuhu na wanawe kula nyama, lakini akawakataza kula damu, kwa kuwa damu ni uhai. Mitume walipokutana Yerusalemu waliwaambia waamini wapya wajiepushe na damu, na nyama ya mnyama aliyenyongwa, na vilivyotolewa kwa sanamu. Wakristo wengi wanasema mambo hayo hayawazuii kula nyama iliyochinjwa na Mwislamu, maana Mungu ni mmoja na chakula ni chakula. Wengine dhamiri zao haziwaruhusu. Wanauliza: kwa nini nyama ya Krismasi yangu ichinjwe kwa ibada ya dini nyingine? Na kwa nini Mkristo asiwe mchinjaji wa bucha? Hilo ni swali halali, wanangu. Mtu akiuliza hivyo msimwite mchochezi.

Kwa miaka mingi, hapa kwetu na karibu kote Tanzania, desturi ilikuwa moja. Nyama ya kuuzwa buchani au ya kulisha watu wengi ilichinjwa na Mwislamu. Kwenye harusi ya Kikristo, baba mwenye shughuli angemtuma kijana amwite jirani Mwislamu alfajiri. Jirani angekuja, angechinja, angepewa asante yake, na jioni wote wangekula sufuria moja. Sababu ilikuwa nyepesi: Mkristo aliweza kula alichochinja Mwislamu, lakini Waislamu wengi hawakuwa na amani kula alichochinja mwingine. Kwa hiyo aliyeweza kulegeza, alilegeza.

Lakini desturi iliyotokana na ukarimu ikigeuzwa kuwa haki ya kudai kwa nguvu, huanza kuuma. Na hapo naingia katika sehemu ngumu ya hadithi hii.

Iko wilaya inayoitwa Chato. Hadi 2012 ilikuwa ndani ya Mkoa wetu wa Kagera, kisha ikawekwa katika Mkoa mpya wa Geita. Huko, mahali paitwapo Buseresere, mwezi Februari 2013 ulizuka ugomvi kuhusu nani achinje. Wakristo walikuwa wamechinja na kuuza nyama wao wenyewe, na baadhi ya Waislamu wakapinga. Maneno yakawa mawe na mapanga. Mchungaji mmoja akauawa. Miezi miwili baadaye, Aprili 2013, vurugu za namna hiyo zilitokea Tunduma, mpakani na Zambia. Na miaka ishirini nyuma, Aprili 1993, maduka ya nyama ya nguruwe, ambayo Mwislamu haruhusiwi kula, yalivunjwa Dar es Salaam.

Serikali iliingilia kati. Viongozi wake, akiwamo Waziri Mkuu Mizengo Pinda, walikutana na mashehe, maaskofu na wachungaji. Walichosema ni kwamba desturi ya zamani iendelee kwa nyama ya watu wote, na wakati huohuo viongozi wa dini waendelee kuzungumza. Wako waliofurahi. Wako pia waliouliza ni sheria gani inayosema hivyo, maana Katiba yetu, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa kuamini dini anayoipenda, na inasema kazi za kuendesha jumuiya za dini haziko katika shughuli za mamlaka ya nchi.

Mimi nataka mtazame ibara nyingine iliyo kabla ya hiyo, ya 14. Inasema kila mtu ana haki ya kuishi, na kupata kutoka katika jamii hifadhi ya maisha yake. Watu wa Buseresere walianza kwa kubishana jinsi ya kutoa uhai wa mnyama kwa heshima, wakamaliza kwa kutoa uhai wa mtu bila heshima yoyote. Dini zote mbili zilizokuwa pale zinafundisha kwamba kumuua mtu asiye na hatia ni dhambi kubwa kuliko kula nyama isiyofaa. Mwislamu akilazimika kwa njaa anaruhusiwa kula hata kibudu ili abaki hai. Yaani sheria ya chakula yenyewe inainama mbele ya uhai wa mtu. Atakayeua mtu kwa ajili ya sheria ya chakula ameishika sheria hiyo kichwa chini miguu juu.

Basi tufanyeje? Nitasema ninachoamini.

Kwanza, kila mmoja ana uhuru wa kuchinja kitoweo chake nyumbani kwake, kwa jina la Mungu anayemwabudu. Jirani asichungulie ua wa mwenzake.

Pili, nyama ya kuuzwa iseme ukweli. Ipite kwa mkaguzi, ipigwe muhuri, na mnunuzi akiuliza imechinjwaje, ajibiwe bila kudanganywa. Kumlisha mtu kwa hila kitu ambacho imani yake inakikataa ni kumwibia dhamiri, hata kama hatajua kamwe. Anayemwekea Mwislamu kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, mchuzini kwa utani amefanya ubaya huohuo.

Tatu, mnyama mwenyewe asisahaulike katikati ya ugomvi wetu. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, na Mithali katika Biblia inamsifu mwenye haki anayejali uhai wa mnyama wake. Ng'ombe anayevutwa kwa kupigwa tangu mnadani na kuchinjwa kwa kisu butu hakuchinjwa kwa jina la yeyote, hata maneno gani yatamkwe juu yake.

Nne, kwenye karamu, aliye na nafasi pana zaidi amfikirie aliye na nafasi finyu. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba yuko tayari kuacha nyama kabisa kuliko kumkwaza ndugu yake kwa chakula. Kurani nayo, katika sura ya tano, inasema chakula cha watu waliopewa Kitabu ni halali kwa Waislamu, na wanazuoni wanajadili mipaka ya maneno hayo hadi leo. Oneni basi: kila dini ina mlango wa kumfungulia mwenzake. Lakini mlango hufunguliwa na aliye ndani. Anayeusukuma kwa teke atavunja nyumba.

Miaka michache ijayo mtakuwa ninyi wenye kamati za harusi, wenye bucha, wenyeviti wa vijiji, wachungaji na mashehe wa Karagwe na Kyerwa. Siku mtakapofunga ng'ombe mtini, msingoje wageni wafike. Nendeni kwa jirani mapema mkamuulize, "Ndugu, tufanyeje ili nawe ule?" Kisha mumsikilize hadi amalize. Akiwa na shida ambayo hamwezi kuitatua kwa kisu kimoja, chinjeni mbuzi wa pili, pikeni sufuria mbili, na meza iwe moja. Gharama ya mbuzi inalipika. Gharama ya mtu aliyeuawa hakuna aliyewahi kuilipa.