Bunduki za Kale, Bei Zake, na Kilima Chetu cha Salaita

Likizo iliyopita tulitazama filamu ya The Ghost and the Darkness, iliyotolewa mwaka 1996, kuhusu simba wala watu wa Tsavo. Wenzangu walishangilia simba. Mimi macho yalikuwa kwenye bunduki. Nikajiuliza: hizi bunduki za kizamani watu huzikusanyaje, na huuzwa pesa ngapi? Nimesoma, nimeuliza wazee, na hasara nimepata. Sikilizeni.

Filamu na ukweli

Filamu hiyo ilipigwa Afrika Kusini, si hapa kwetu. Katika filamu simba wana manyoya marefu shingoni, lakini wale wa kweli hawakuwa nayo. Kuhusu bunduki, hata hivyo, jambo moja ni kweli. Mhandisi wa daraja la Tsavo, Patterson, mwaka 1898 aliazima bunduki nzito ya mwenzake. Simba alipomtokea, akavuta kifyatulio, bunduki ikakataa kulia! Alinusurika, na Desemba mwaka huo akawaua wote wawili. Mwaka 1924 aliziuza ngozi zao kwa jumba la makumbusho la Field, Chicago, kwa dola 5,000.

Kwa nini nyingine ni ghali?

Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alishuka Mombasa akapanda gari la moshi. Alikaa mbele kabisa ya injini apate kuona wanyama, akapita Voi yetu hii. Katika mizigo yake mlikuwa na bunduki ya marisau iliyotengenezwa na kampuni ya Fox. Mwaka 2010 bunduki hiyo iliuzwa mnadani Marekani kwa dola 862,500, yaani zaidi ya shilingi milioni 60 za pesa zetu wakati huo.

Je, chuma chake ni dhahabu? La hasha. Bunduki ya Fox ya kawaida haifikii bei hiyo hata kidogo. Hii ina jina la Roosevelt lililochorwa juu yake, na barua aliyoandika mwenyewe akiisifu. Wakusanyaji hununua habari, na habari yenyewe lazima iwe na ushahidi. Bunduki ya filamu ni vivyo hivyo: bila karatasi za kuonyesha nani aliishika na katika filamu gani, ni chuma tu.

Na sisi tuna nini?

Tarehe 12 Februari 1916, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, jeshi la Waingereza lilishambulia Salaita. Wajerumani walikuwa wameiteka Taveta tangu Agosti 1914. Mizinga ilipiga kileleni, kumbe mahandaki ya Wajerumani yalikuwa chini ya kilima! Wanajeshi wa Afrika Kusini, wageni katika nchi hii, walipoteza zaidi ya watu 130 waliouawa, kujeruhiwa au kutojulikana walipo. Wahindi wa kikosi cha 130 cha Baluchi ndio waliowasaidia kurudi nyuma.

Maganda ya risasi za vita hivyo bado yanaokotwa, hasa mvua ikinyesha. Kuyatambua si vigumu. Ganda la bunduki ya Waingereza, Lee-Enfield, lina ukingo uliotokeza pale kitakoni. La Mauser mpya ya Wajerumani halina ukingo huo, lina mfereji tu. Ganda nene zaidi ni la Mauser ya mwaka 1871, waliyobeba askari wengi Waafrika wa Wajerumani. Baruti yake ilitoa moshi mwingi, kwa hivyo kila askari aliyepiga alijionyesha alipo.

Hasara yangu

Mimi niliokota maganda saba. Nilikuwa na deni la karo, nikamuuzia mnunuzi wa vyuma chakavu. Akayapima, akanipa shilingi hamsini. Hata daftari mbili za maana sikupata!

Jioni nikamweleza babu. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mjukuu wangu, uliyaokota upande gani wa kilima?"

Nikasema, "Sikumbuki, babu."

"Basi hutajua tena nani alipiga na nani alipigwa. Babu yangu mimi alichukuliwa kubeba mizigo ya vita hivyo, hakurudi. Kaburi lake hatulijui. Wazungu wana makaburi yao Taveta, yameandikwa majina. Sisi tuna hayo maganda."

Nilinyamaza. Nilikuwa nimeuza habari kwa bei ya chuma.

Wiki hiyo hiyo ndugu yangu mdogo alikuja jikoni na risasi nzima, ncha na yote, akataka kuitia motoni "ilie kama ya sinema." Nyanya alimnyang'anya mkono ukitetemeka. Risasi ya miaka mia moja bado inaweza kuua. Tena sheria yetu ya silaha, Sura ya 114, inakataza kuwa na bunduki au risasi bila cheti.

Ushauri wangu

Ukiona risasi nzima au kombora, usiguse. Weka alama, mwambie mwalimu, chifu au polisi. Ukiona ganda tupu, liache, kisha andika mahali, tarehe na umbo lake. Nimeomba chama chetu kifungue daftari la Salaita, na ukurasa wa kwanza nimeshaujaza: "Maganda saba, mahali hapajulikani, yameuzwa." Naona aibu kuusoma, lakini nimeuacha. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Safari hii mjukuu mwenyewe ni mimi.