Vitabu vya Kusoma Kabla ya Safari

Katika mazungumzo ya leo twapenda kueleza jambo ambalo wasafiri wengi hulisahau. Mtu akitaka kusafiri hutengeneza nguo zake, huhesabu nauli, huuliza habari za mvua, kisha huwaaga jamaa zake. Lakini ni wachache wanaojiuliza: Je, kabla ya kuiona nchi ile kwa macho yangu, nisome kitabu gani? Na katika hao wachache, wako wanaonunua kitabu cha kwanza wakionacho dukani, kwa kuwa jalada lake lina picha ya simba.

Ili maneno yetu yasiwe ya hewani, na tuchukue mfano wa safari moja. Tuseme mwalimu wa shule ya Mombasa ataka kuwapeleka wanafunzi wake Tsavo, waione mbuga ya wanyama iliyowekwa kwa sheria mwaka 1948, na mto ule ambao daraja la reli lilijengwa juu yake zamani. Fedha ya vitabu ni kidogo. Avichague vipi?

Yafaa kwanza ajue ya kuwa vitabu vya safari ni vya namna mbili. Namna ya kwanza ni vitabu vya kuongoza wasafiri. Hivi hueleza njia, nauli, mahali pa kulala, majira ya mvua na amri za mbuga. Namna ya pili ni kumbukumbu, yaani vitabu ambavyo mtu ameandika mambo aliyoyaona na kuyatenda yeye mwenyewe. Namna hizi mbili hazifanyi kazi moja, wala moja haiwezi kuishika nafasi ya nyingine.

Kitabu cha kuongoza wasafiri huzeeka upesi. Reli ya kwanza ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwa la Viktoria mwaka 1901. Kwa miaka mingi abiria walipanda gari katika stesheni ya zamani kisiwani. Lakini mwaka 2017 ilifunguliwa reli mpya ya Mombasa na Nairobi, na stesheni yake iko Miritini, bara, nje ya kisiwa. Mwalimu wetu akikitii kitabu kilichochapwa kabla ya mwaka huo, atawapeleka wanafunzi wake asubuhi na mapema mbele ya stesheni ambayo gari lao haliondoki hapo. Kitabu hakikusema uongo siku kilipochapwa. Ni nchi iliyobadilika. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, fungua kurasa za kwanza utazame mwaka wa kuchapwa. Kama ni wa zamani, kirudishe, hata kikiwa rahisi.

Lakini kitabu cha kutambulisha ndege na wanyama hakizeeki upesi hivyo. Hesabu ya tembo yaweza kupungua au kuzidi, lakini twiga ni twiga. Mwalimu akikipata kwa bei ndogo, anunue bila hofu, maana kitawafaa wanafunzi wengi watakaokuja baadaye.

Sasa tuje kwenye kumbukumbu. Hizi hazichakai kama vitabu vya kuongoza, ila zina hatari yake. Ernest Hemingway, mwandishi wa Marekani, alitoa mwaka 1935 kitabu kiitwacho Green Hills of Africa, akieleza jinsi alivyowinda katika Tanganyika. Msomaji asiyejua mambo adhani ya kuwa kila mgeni aingiaye porini hubeba bunduki. Sivyo. Kenya ilikataza uwindaji mwaka 1977; na katika Tanzania mtu hawinda ila kwa leseni, na katika sehemu zilizowekwa, wala si ndani ya hifadhi za taifa. Kitabu kile kisomwe kama habari za wakati wake, wala kisifanywe kuwa kiongozi wa safari ya leo.

Tena kumbukumbu ni macho ya mtu mmoja. Tsavo yenyewe yatupa mfano mkubwa. Mwaka 1898 simba wawili madume waliwashambulia watu waliokuwa wakijenga reli penye mto ule, hata kazi ikasimama kwa muda. Mwingereza J. H. Patterson, aliyesimamia ujenzi wa daraja, aliwaua mwezi wa Desemba mwaka ule ule, na mwaka 1907 akatoa kitabu chake, The Man-Eaters of Tsavo. Habari zake zasisimua, na mwalimu atafanya vema kuwasomea wanafunzi sura moja au mbili kabla ya kuondoka.

Lakini ni watu wangapi waliouawa? Katika kitabu hicho Patterson alitaja Wahindi 28, pamoja na Waafrika wengi ambao hesabu yao haikuandikwa. Baadaye, katika maandishi mengine, alitaja watu 135. Mwaka 2009 wataalamu walichunguza nywele na mifupa ya simba wale, ambao wamehifadhiwa katika makumbusho ya Field mjini Chicago, wakakisia ya kuwa simba wale wawili walikula watu 35 hivi. Kuua na kula si jambo moja, kwa hiyo hatuwezi kuzilinganisha hesabu hizi sawasawa. Hata hivyo, msomaji wa kitabu kimoja tu atarudi nyumbani akiishika hesabu moja kana kwamba hakuna nyingine.

Na liko jambo zito kuliko hesabu. Vibarua wa Kihindi waliletwa kwa mikataba ya maandishi, na majina yao yalikuwa katika daftari. Waafrika waliokufa penye mto ule ule hawakupata hata tarakimu. Hapo twajifunza ya kuwa kitabu chaweza kusema kweli katika yote kisemayo, na bado kikawaacha watu nje. Basi kila usomapo kumbukumbu ya msafiri, uliza: Ni nani aliyeubeba mzigo wake? Ni nani aliyempikia, aliyemwonyesha njia, aliyemfasiria maneno? Na huyo angeandika yeye, angesema nini?

Swali hili si la bure, maana mara nyingine jibu lipo, tena kwa Kiswahili. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aitwaye Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, alieleza maisha yake na safari zake za bara kwa Kiswahili, na habari hizo zikachapwa kabla hajafa mwaka 1905. Ukimsoma yeye peke yake, utaziona njia za misafara kwa macho ya mwenye msafara. Lakini James Mbotela, ambaye baba yake alikuwa mtumwa aliyepewa uhuru akakaa Freretown karibu na Mombasa, alitoa kitabu chake Uhuru wa Watumwa mwaka 1934. Ukiviweka vitabu hivi viwili pamoja, njia ile ile utaiona kwa pande zote mbili. Freretown ipo hata leo, na mwalimu aweza kuwapitisha wanafunzi wake pale kabla ya kwenda Miritini.

Wala tusidhani ya kuwa watu wetu walisimuliwa tu na wageni. Mwaka 1901 kilichapwa katika Ujerumani kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli, kilichokusanywa na Carl Velten. Ndani yake Waswahili waeleza wenyewe safari zao za bara. Na mmoja wao, Salim bin Abakari, aeleza jinsi alivyofika Urusi na Siberia. Humo Mswahili ndiye mtazamaji, na Ulaya ndiyo nchi ya kigeni.

Basi shauri letu kwa mwalimu, na kwa kila msafiri, ni hili. Nunua kitabu kimoja cha kuongoza wasafiri, kipya kabisa. Azima kumbukumbu mbili katika maktaba: moja ya mgeni aliyekuja, na moja ya mwenyeji au mtoto wa mwenyeji. Vitabu vingi vya zamani, kama kile cha Patterson, husomwa bure katika intaneti, kwa hiyo fedha kidogo isiwe kizuizi. Na kila kitabu ukiulize maswali matatu: Kiliandikwa mwaka gani? Mwandishi aliyaona mwenyewe au aliambiwa? Na ni nani ambaye hakutajwa?

Mwisho, mwalimu asisahau kununua daftari tupu. Ampe kila mwanafunzi kurasa zake, aandike siku, mahali, na majina ya watu waliowasaidia njiani: dereva, mpishi, askari wa mbuga. Kuuliza jina la mtu na kuliandika sawasawa hakugharimu kitu. Waafrika waliokufa Tsavo mwaka 1898 hawakupata mtu wa kuwafanyia hivyo.