Vipande vya mabomba ya PVC tusivichome moto

Ndugu msomaji, ujenzi wa nyumba, msikiti au madrasa unapokwisha, pembeni hubaki rundo la mifuko ya saruji, mbao na vipande vya mabomba. Wengi wetu hukusanya vyote pamoja na kutia kiberiti. Leo tutazame hivyo vipande vya mabomba, kwani plastiki zote si sawa.

Mabomba tunayotumia sana ni ya aina tatu. Ya kwanza ni PVC, yale magumu yanayoungwa kwa gundi. Ya pili ni ya polietilini, yale meusi yanayouzwa yakiwa yameviringishwa. Ya tatu ni PPR, yanayoungwa kwa mashine ya joto. Yote hayaozi. Lakini kati ya hayo, PVC ndiyo yenye klorini, nayo ni kiasi cha asilimia 57 ya uzito wake.

Bomba la PVC likifukiwa ardhini hudumu miaka mingi. Balaa lake ni moto. Likiungua hutoa gesi ambayo ikikutana na unyevu wa macho, koo na mapafu hugeuka asidi. Mwenye pumu huweza kubanwa kifua papo hapo.

Pia huzalishwa dioksini, sumu inayotua kwenye majani na udongo. Kuku hudonoa, ng'ombe hula, nasi tunaipata kwenye mayai, maziwa na nyama. Mwilini hujificha katika mafuta, na huchukua miaka 7 hadi 11 kupungua nusu. Dioksini iliyo kali zaidi ilithibitishwa mwaka 1997 na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani kuwa inasababisha ugonjwa huo kwa binadamu.

Zaidi ya hayo, baadhi ya mabomba ya PVC, hasa ya zamani, yana madini ya risasi. Yakichomwa, risasi hubaki kwenye majivu wanamochezea watoto, nayo hudhuru ubongo wao.

Tufanye nini basi?

1. Pima kabla ya kununua na kukata, ili mabaki yawe machache.

2. Fundi asipashe mdomo wa bomba la PVC kwenye moto ili utanuke. Mnunulie soketi.

3. Vipande virefu vihifadhiwe kwa matengenezo. Vifupi vipelekwe kwa wanunuzi wa plastiki chakavu au dampo, mbali na taka za kuchomwa.

Ndugu msomaji, moshi haujui ukuta. Anayechoma bomba uani kwake anamvutisha sumu jirani, na jirani ana haki yake.