Mama anaenda wapi bila mzigo?

Swali hilo ninaulizwa kila mara ninapoondoka kwenda mwendo mrefu kwa miguu. Hapa Bukavu mwanamke anayetembea kilomita 20 ana sababu inayoonekana: amebeba makaa, mihogo ao ndizi, kamba ikiwa kwenye paji la uso. Mimi nabeba maji, viazi vitamu vya kuchemsha na kikwembe cha kujifunika. Natembea kwa sababu napenda. Majirani wanacheka kwamba mwalimu amekosa kazi.

Njia ninayopenda kuliko zote iko Idjwi, kile kisiwa kikubwa cha ziwa Kivu. Kati ya visiwa vya maziwa ya Afrika, Ukerewe peke yake ndicho kinakipita kwa ukubwa. Unashuka boti upande wa kusini, katika sheferi ya Ntambuka, unapanda vilima, unalala njiani, kisha unaendelea kaskazini mpaka Bugarula, katika sheferi ya Rubenga. Maji ya ziwa yenyewe yako karibu mita 1 460 juu ya bahari, kwa hiyo pumzi inakatika mapema. Lakini unapita kati ya kahawa, migomba na nanasi, watoto wanakusindikiza, na kelele za kilasi zinatoka kichwani.

Safari yangu ya kwanza huko niliifanya vibaya. Nilimwambia bwana yangu usiku wa kuamkia safari. Mtoto wetu wa mwisho alikuwa na homa kidogo, nikasema itapita. Kazi zote za nyumba nikamwachia binti yetu wa kwanza, aliyekuwa na miaka 12 na alikuwa anajitayarisha kwa mitihani. Kule kisiwani simu haikushika. Niliporudi nilikuta mtoto kwenye kituo cha afya, malaria imempanda, na binti yangu amekaa kando yake, madaftari hayajafunguliwa siku mbili.

Mama mkwe alisema mengi. Bwana yangu hakusema kitu, na hilo liliniuma zaidi. Mtoto alipona, lakini mwaka mzima sikutembea tena. Nikawa mkali nyumbani na shuleni pia. Siku moja bwana yangu akaniambia: «Tangu uache kutembea, sisi ndio tunakanyagwa. Tukae tupange.»

Tulikaa, watoto nao wakasikia. Tulipatana hivi:

Kwanza, tarehe inajulikana mwezi mmoja mbele. Mwendo wa siku mbili nafanya katika likizo kubwa tu. Wakati wa masomo natembea siku ya posho asubuhi, saa tatu ao ine, baada ya kumaliza kusahihisha madaftari siku ya tano.

Pili, mtoto akiwa na homa, safari imekufa. Hakuna kubishana.

Tatu, bwana yangu ndiye anashika nyumba, si binti. Anapika, anaogesha wadogo. Naye ana siku yake ya kuenda kuona mpira na marafiki, na siku ile mimi simuulizi kitu.

Ine, siendi peke yangu. Tunaenda wamama wawili ao watatu, na mbele ya kuondoka tunauliza wasafiri habari za njia. Habari ikiwa mbaya, tunabaki. Tunapatana pia saa ya kupiga simu, na mahali ambapo simu inashika.

Tano, feza ya boti na ya kulala naiweka kidogo kidogo. Haitoki kwa chakula wala kwa feza ya shule.

Wamama, pengine wewe hupendi kutembea. Unapenda kuimba kwaya, kushona ao kusoma kitabu. Shida ni ileile: tunafikiri mama mwema hapaswi kuwa na kitu chake, ao tunakichukua kwa kujificha, na anayelipa ni mtoto wa kike. Mimi nilijifunza kwamba mapumziko yangu yasiwe mzigo kwenye mgongo wa binti yangu. Naye ananiangalia, namna ninavyoishi leo ndivyo atafikiri mwanamke anapaswa kuishi.

Mama mkwe hajakubali mpaka leo. Lakini likizo iliyopita, nilipokuwa nafunga kamba za viatu, alinikumbusha nisisahau kumletea nanasi.